Hisa za Nyati Saba

Kalamu Mbili alikuwa amekaa kwenye benchi la kituo cha malori, akinywa chai aliyonunuliwa na mtu asiyemjua. Jina hilo alilipata kwa ajili ya kalamu mbili zilizokaa siku zote kwenye mfuko wa shati lake. Hazikuandika. Zilikuwa pale kwa ajili ya heshima.

Mbele yake wanaume wawili walikuwa wakilitazama lori lililofunikwa turubai lenye jina la tajiri mmoja wa mjini.

"Huyu jamaa kaamka," alisema mmoja. "Kila lori ni lake."

Dereva akacheka. "Lori la mjomba wangu hili. Turubai tumelinunua kuukuu."

Wale wawili hawakumsikia, walishaanza kukadiria mali za tajiri. Kalamu Mbili alisikia. Lori ni ghali, turubai ni rahisi, na watu husoma turubai. Akamaliza chai ya watu, akaondoka.

Nyuma ya kituo palikuwa na karakana ya Mama Turubai, mshonaji mwenye cherehani za kutoboa ngozi ya kifaru na sauti ya kurudisha lori nyuma bila honi.

"Nataka maturubai mapya," alisema Kalamu Mbili. "Yaandike kwa herufi kubwa: Nyati Saba Mizigo. Nitawagawia madereva bure."

Mama Turubai alisimamisha cherehani. "Bure? Kaka, wewe mzima?"

"Natoa huduma kwa jamii."

"Na namba ya simu niandike ipi?"

Hapo Kalamu Mbili alijikuna shingo. Namba yake ilikuwa ikitafutwa kwa hamu na watu wa miji mingine, ambao pesa zao ndizo zingelipia maturubai. "Andika yako, dada yangu. Mimi nasafiri sana."

Mama Turubai alimtazama kuanzia viatu hadi kalamu, akaelewa kila kilichohitaji kueleweka, akaandika namba yake.

Si muda mrefu malori ya watu chungu nzima yakawa yanakatiza mjini kwa jina la Nyati Saba. Kampuni yenyewe haikuwa na lori wala tairi. Ilikuwa na chumba cha kupanga, ramani ukutani, na meza ambayo droo zake hazikufunguka. Humo ndimo hisa zilimouzwa.

Wa kwanza kuja alikuwa muuza vipuri, bahili aliyezima taa ya duka kila mteja alipotoka.

"Kampuni ina thamani gani?" aliuliza.

Kalamu Mbili alimshika bega akampeleka dirishani. Lori la Nyati Saba likapita, na jingine nyuma yake.

"Hayo ni ya sasa hivi tu, mzee wangu. Mwaka jana uliliona hata moja?"

"Sikuliona," alikiri muuza vipuri, na ilikuwa kweli tupu.

"Huko ndiko kukua. Bei ya leo si ya kesho. Ukitoka mlangoni, nimemuuzia mwingine."

Muuza vipuri hakutoka. Alinunua, akamnong'oneza mwalimu mkuu mstaafu, naye akawanong'oneza wengine, hadi nusu ya hisa zikaisha. Nusu nyingine ilibaki kwa jina la Kalamu Mbili, ambaye aliiona ni karatasi ya kufungia sabuni. Mji mzima uliiamini Nyati Saba isipokuwa mtu mmoja, na huyo ndiye aliyekuwa mkurugenzi wake.

Kwa Mama Turubai, simu ilianza kuita. Leo mwenye mbao, kesho mwenye saruji. Mama aliwajua madereva wote, maana walimletea maturubai kushona. Alijua nani anarudi na lori tupu na nani akilewa hulala njiani. Akawaunganisha, akakata chake, mizigo ikafika salama. Waliopiga mara ya kwanza wakapiga tena.

Hakumwambia mkurugenzi, kwa kuwa mkurugenzi hakuuliza. Ila jambo moja lilimnyima raha: alikuwa anajenga kwenye kiwanja cha mwenzake. Siku yule bwana akizinduka, angechukua kila kitu, na yeye abaki na sindano zake. Wazo hilo lilimuuma hadi hamu ya kula ikamtoka.

Ndipo siku moja akaingia ofisini kwa Kalamu Mbili.

"Mkurugenzi, kuna watu wawili kwangu wanakuulizia."

Kalamu Mbili alishusha miguu kutoka mezani. "Watu gani?"

"Wa suti. Viatu vimepigwa kiwi."

"Wamebeba nini?"

"Faili. Nene."

"Wamesema wanataka nini?"

"Sahihi yako. Wanasema hawaondoki mpaka wakuone."

Ningependa kusema Mama Turubai alidanganya, maana hadithi ingenoga, lakini hakutamka uongo hata kidogo. Uongo wote aliujaza Kalamu Mbili mwenyewe, kwa uzoefu wake wa miaka mingi.

"Dada yangu, chukua hisa zangu zote. Nipe chochote ulicho nacho mkobani."

"Karatasi hizo mimi za nini?" alisema Mama Turubai, moyo ukimdunda kama cherehani. "Haya, basi, kwa kuwa ni wewe."

Akamtolea nauli. Kwenye kusaini, kalamu ya kwanza ikagoma, ya pili nayo ikagoma, ikabidi mama amwazime yake. Kalamu Mbili akatokea dirisha la nyuma na begi la pesa za wanahisa, akicheka peke yake. Hata katika kukimbia alikuwa ameuza upepo.

Mwaka mmoja baadaye, katika mji mwingine, alianza upya na hisa nyingine. Mwenye duka la dawa alimsikiliza, kisha akatikisa kichwa.

"Ingekuwa Nyati Saba ningenunua. Wamegawa faida hao. Shemeji yangu muuza vipuri siku hizi anaacha taa inawaka mchana."

Kalamu Mbili alicheka. Halafu akaacha kucheka.

Alirudi na begi lake. Alikuta uwanja umejaa malori ya kampuni yenyewe, na Mama Turubai nyuma ya meza ambayo droo zilifunguka.

"Nimefuata nusu yangu," alisema.

"Uliiuza. Tena kwa kalamu yangu."

"Ulinidanganya."

"Nilikudanganya nini?"

Kalamu Mbili akahesabu kwa vidole: suti, kiwi, faili, sahihi; yote kweli tupu. Iliuma kweli. "Wale watu walikuwa nani?"

"Wa kiwanda cha saruji, walileta mkataba. Hawajambo, wanakusalimu."

Kalamu Mbili alilipakata begi. "Basi niuzie, japo kidogo."

"Bei ya leo si ya kesho, kaka," alisema Mama Turubai kwa upole. "Ukitoka mlangoni, nimemuuzia mwingine."

Sentensi hiyo aliijua. Aliizaa mwenyewe, akailea, akaijua hadi tabia zake. Akageuka kutazama mlangoni, ambako mwalimu mkuu mstaafu alikuwa anasubiri na bahasha mkononi, na kwa haraka, asije akawahiwa, akalifungua begi.