Habari za Jemimah Aliyeiteka Lignini ya Bua la Mahindi

Sogeeni, enyi mlio mbali, nanyi mlio karibu nyamazeni, nipate kuwasimulia habari za Jemimah wa Bellevue, binti wa Kakamega, bingwa wa koti jeupe, alivyopigana na bua la mahindi katika maabara ya Midrand, kusini mwa Afrika, wala asirudi nyuma.

Bua lile lilikuwa ngome. Ndani yake nyuzi nyeupe za kufanyia karatasi zilishikwa mateka, na aliyezishika ni lignini, utomvu mgumu wenye inda, ambao ukitoka salama hufaa kwa gundi ya mbao. Jemimah alikwisha kulichemsha bua katika magadi makali hata ngome ikasalimu amri. Nyuzi zilikombolewa, lakini lignini ikatorokea majini, maji yakawa meusi tititi. Kila alipoyatilia asidi ili aikamate, iligeuka uji laini ukaziba karatasi ya kuchujia, lisipite hata tone.

Naye Bwana Moffat, mkuu wa maabara, alikuwa ameamuru kwamba ikishindikana kufikia adhuhuri, meza ile apewe mwingine, na mabua yaendelee kuchomwa mashambani.

Marcellin wa Bukavu, mwenzake wa mezani, akanena kwa majonzi, "Eish, dada, hii matope imekataa. Tuweke silaha chini, tuende kula."

Jemimah akainuka kitini. "Marcellin, wazazi wangu hawakunisomesha nije kushindwa na uji. Nimeutazama, nimeuelewa: huu uji haujaiva. Washa jiko."

Akaupasha moto polepole, akiukoroga kwa mkono mtulivu. Chembe zikaanza kutafutana, zikashikana, zikawa mabonge, yakazama. Akamimina. Tone la kwanza likaanguka, lina rangi ya chai. Likafuata la pili, kisha mchirizi, na juu ya karatasi ikabaki lignini, mateka, yapata kijiko kimoja.

Bwana Moffat alifika na waliokuja kuirithi meza. Akainama, akatazama, akavua miwani, akawaambia wale watafute meza nyingine. Jemimah alicheka hata akashikilia sinki asianguke.

Wapo walioteka miji. Yeye aliteka kijiko cha matope, na jioni ile, katika saluni ya Mama Clémentine huko Yeoville, jirani na kwake Bellevue, kila mteja aliisikia kinywani mwake habari yote tangu magadi hadi tone la mwisho. Maana aliyesukwa nusu kichwa hana pa kukimbilia.