Herufi Zenye Haraka

Jumatatu, 4 Mei
Nimezipata! Herufi nene, zimeinamia mbele, hazina mikia wala madoido. Ukizitazama tu unahisi umechelewa mahali. Mchoraji mabango wa jirani, ambaye kila herufi yake ina mkia wa tausi, amechungulia kwenye kiwanda changu cha uchapaji na kusema hizo ni za kuuzia matairi. Wivu. Kadi za arusi yangu nimezichapa kwa herufi hizo hizo.

Jumanne, 5 Mei
Nimempelekea mama mkwe kadi. Amevaa miwani, akavua, akavaa tena. Ameuliza kama binti yake anaolewa au anafukuzwa. Nimemweleza kwamba unene ni msimamo na kuinama ni shauku. Amesema kadi atachora yule mchoraji, na nikirudia ujinga huu, arusi ya mwisho wa mwezi hakuna. Nimeumia. Nampenda binti yake kupita kiasi.

Jumatano, 6 Mei
Mpango. Mama mkwe simuwezi kwa maneno, nitamuweza kwa vitendo. Mchumba wangu ni fundi cherehani na wateja wamekuwa haba. Alipotoka kununua nyuzi, nikambandikia bango mlangoni: NGUO YAKO TAYARI KESHO. Herufi zangu, rangi nyekundu. Atafurahi huyo!

Ijumaa, 8 Mei
Foleni imefika kwa kinyozi. Mafundi wote husema kesho, lakini huyu kasemewa na herufi nene zilizoinama, basi watu wakaamini. Vitambaa vimejaa mpaka juu ya pasi. Mchumba ameniambia, bila kunitazama, kwamba gauni lake la arusi bado halina mikono na sasa liko chini ya suruali za watu. Kisha mama mkwe akaingia. Amelisoma bango na hakusema kitu. Nilitamani aseme.

Jumapili, 10 Mei
Leo amesema. Nimesomewa ile ya haraka haraka haina baraka, mara mbili. Halafu akavuta kiti, akakaa kwenye cherehani ya pili. Kumbe naye ni fundi! Amesema mkwe mjinga anayeleta wateja ana nafuu kuliko mwerevu anayeleta maua. Nimepewa kazi ya vifungo. Kimoja nimekishona kwenye shati nililovaa, na mchumba amecheka mpaka akashika meza. Gauni limepata mkono mmoja. Arusi iko palepale, kwa sharti moja tu: lile bango nilitoe, niweke lingine la kutuliza watu.

Jumatatu, 11 Mei
Nimetii. Bango jipya limepanda asubuhi: SUBIRINI KWA UTULIVU. Herufi zile zile, ila nimeziongezea unene ili utulivu uonekane kwa mbali. Ajabu, watu wamesukumana hadi mlango ukang'oka. Nimewaza sana nikaona kosa liko wapi. Ni ile nyekundu. Kesho naweka buluu.