Lori langu la magurudumu mawili

Nimeumbuka jamani. Leo hii, kituoni, mbele ya mama mkwe.

Nianze na Jumatatu. Nilimpeleka mkwe hospitali ya Kitete, kutibiwa macho. Sasa mnajua kwetu: mkwe humgusi, hata mkono hampeani. Na pikipiki ndiyo hiyo moja. Akae nyuma yangu anishike kiuno? Laana! Basi mke wangu Skola akakaa katikati, awe ukuta. Tukaenda taratibu, mpaka mzee wa baiskeli mwenye gunia la mkaa akatupita (na akatupa pole).

Leo asubuhi naangalia deni la trafiki kwenye simu. Faini! Mwendokasi. Jumatatu, saa ile ile, barabara ile ile. Chombo: lori. Rangi: kijani. Pikipiki yangu nyekundu.

Mkwe, ambaye huwa anaongea na mimi kupitia Skola, akasema: "Muulize mumeo, kumbe alikuwa ananikimbiza nife?"

Iliniuma. Miaka minne anasema kamuozesha binti yake kwa mhuni wa pikipiki. Juzi tu ndiyo kaanza kuniita mwanangu, tena kupitia Skola. Nikasema naenda kujisafisha.

"Mwambie na mimi nakuja. Nikasikie."

Kituoni nikamkuta trafiki mmoja mama mtu mzima.

"Shikamoo afande."

"Marahaba. Una lori wewe?"

"Sina."

"Basi karani kakosea namba. Andika hapa huna lori, uende zako."

Jamani! Kalamu ilikuwa mkononi! Nikageuka. Mkwe yuko mlangoni, kaangalia pembeni kwa heshima, ila masikio yote huku. Nikawaza: nikiondoka hivi, atasema nimeponea kosa la karani. Mimi nataka asikie kwamba sikukimbia.

"Afande, ukweli saa ile nilipita mimi. Ila mwendo ule si wangu."

"Utathibitishaje?"

"Sasa ningekimbiaje na watu wawili nyuma?"

Skola, kando yangu, akanifinya. (Shule niliachia kidato cha pili, na leo nimejua ni somo gani nililikosa.)

"Wangapi?"

"Wawili, afande. Wa mwisho alikuwa mkwe. Wa kati ni ukuta."

Akacheka mpaka akavua kofia. "Mimi wa Nzega, mila hiyo naijua. Kwa mkwe, hapo ulifanya sawa kabisa."

Moyo ukatulia. Nikajiona nimeshinda. Hapo ndipo nilipotakiwa kunyamaza.

"Na kofia ngumu?"

"Ninayo moja tu, afande. Nilimvalisha mama!" (Nilisema kwa sauti, mkwe asikie ninavyomjali.)

"Kwa hiyo wewe na ukuta hamkuvaa."

Faini ya lori ikafutwa. Ikaandikwa mpya: kubeba mishikaki, yaani abiria wawili nyuma, na kofia. Jina langu sahihi. Namba sahihi. Rangi nyekundu. Akanisomea yote, akaniuliza: "Kuna kosa lolote?" Nikasema hakuna, afande. Pikipiki ikabaki ndani ya uzio.

Tumetoka nje, mkwe akasimama. Kwa mara ya kwanza tangu nioe, akaongea na mimi moja kwa moja, bila kupitia kwa Skola:

"Baba, ile kalamu haikuwa na wino?"

Sasa hivi tunarudi kwa miguu. Wao mbele, mimi nyuma hatua kumi, na kofia ngumu nimevaa. Ukinikuta njiani nisalimie tu, usiulize pikipiki.