Jinsi Nilivyowakaribisha Fântâna Rece

Jumatatu, Juni 2

Jana tumefungwa sita kwa moja. Hilo moja letu alitufungia beki wao, kwa bahati mbaya, na bado nililishangilia mpaka sauti ikanikauka.

Timu yetu inaitwa Viitorul, maana yake Mustakabali. Mustakabali wa kijiji chetu, Valea Gâştei, una beki wa kati mwenye miaka arobaini na minne, Pompiliu, na kipa Sandu, dereva wa trekta, anayekwepa mipira ya juu asije akavunjiwa miwani. Tuko karibu na mkia wa daraja la nne la mkoa. Chini yetu kuna daraja la tano. Chini ya daraja la tano kuna mashamba ya viazi.

Asubuhi meya kaniita ofisini. Kiti hakunipa. Kasema waziwazi kwamba Jumapili ni mechi ya mwisho, nyumbani, dhidi ya kijiji cha Fântâna Rece. Tukishinda tumebaki. Tusiposhinda tumeshuka, na tukishuka hakuna tena basi wala dizeli, na uwanja anapewa Haralambie mfugaji alishie kondoo wake.

Uwanja! Mawe ya pale niliyaokota na marehemu baba yangu, kapu kwa kapu, kabla sijaoa. Paa la nyumba yangu linavuja na sina habari, lakini nyasi za golini nazimwagilia kwa mkono wangu. Mimi ndiye mwenyekiti, mpiga mistari, mpuliza mipira na mfuaji wa jezi (kwa mkono wa Veturia, mke wangu). Niondoleeni uwanja, nitabaki kizee chenye filimbi.

Natoka nje, namkuta Haralambie anapima uwanja kwa hatua! Zamani alikuwa kipa wetu. Nilimweka benchi siku ya mechi kubwa kuliko zote tulizowahi kucheza, na hajanisamehe. Kaniuliza kwa upole wa nyoka, "Bwana Mwenyekiti, hizi nguzo za goli unaondoka nazo, au nifungie mbwa?"

Jibu lilinijia nikiwa nyumbani, nimeshavua viatu.

Jumanne, Juni 3

Mpango wa kwanza. Fântâna Rece wana mawinga wenye mbio. Dawa ya winga ni kumnyima njia. Basi nitaisogeza mistari ya pembeni kwa ndani, kimyakimya, uwanja uwe mwembamba kama utambi. Mawinga watakimbilia wapi? Kwenye miiba.

Chokaa hakuna! Jumapili ni Pentekoste, ndiyo sikukuu ya kanisa letu, na wanawake wa kijiji kizima wameshapaka chokaa nyua, visima na mashina ya miti. Hata mti wa jirani uliokauka tangu mwaka juzi umepakwa. Duka halina. Padre amebakiwa na ndoo moja, ya kaburi la mama yake. Sikuthubutu kuomba.

Akili ni mali. Stoo kwetu palikuwa na gunia la unga wa ngano. Nikapiga mistari mizuri ambayo mji mkuu hawana. Nikasimama katikati nikajisifu. Nikaenda kunywa kahawa.

Narudi. Bata bukini! Wa kijiji kizima! Walikuwa wameanzia kwenye kona, wamemaliza eneo la penalti, na sasa wanauelekea mstari wa kati, wamejipanga vizuri, kila mmoja katika nafasi yake. Wachezaji wangu hawajawahi kujipanga hivyo hata siku moja.

Unga ule ulikuwa wa mikate ya sikukuu. Veturia kahamishia mto wangu jikoni. Afadhali angepiga kelele.

Jumatano, Juni 4

Nimelala kwenye benchi la jikoni. Mgongo umepinda, lakini wazo limenijia, na ni wazo la mtu mkubwa.

Mgeni njoo, mwenyeji apone! Mechi ni saa kumi na moja jioni. Siku ya sikukuu ya kanisa mlango wa Valea Gâştei haufungwi. Kila aingiaye hulishwa mpaka aombe msamaha. Sasa, nikiwaalika Fântâna Rece waje mapema, kuanzia saa sita, wakala supu, kabichi zetu za kuviringishia nyama, nyama choma na keki, na juu yake ţuică, ile pombe yetu ya plamu inayochoma hadi vidole vya miguu? Saa kumi na moja hawatakimbia. Watabebwa.

Na nawafahamu. Vuli iliyopita walikunywa hapa baada ya mechi hadi wakaondoka bila dereva wao. Mwenyekiti wao Toader aliondoka na baiskeli ya refa, na hajui kuendesha baiskeli.

Nikampigia simu Toader. Kakubali upesi. Kasema Mungu anibariki, ndugu yangu, na kwamba hakutegemea upendo kama huo kutoka kwangu. Kauliza kama maji ya kisima chetu ni mazuri. Nikajua tu bado ana uchovu wa pombe ya jana.

Alhamisi, Juni 5

Nimezunguka nyumba zote za wachezaji. Kila mchezaji wetu atampokea mchezaji mmoja wa kwao. Wazazi na wake zao wamekubali, hasa nilipowaambia ni kwa heshima ya kijiji. Mama yake Sandu kauliza kama mgeni wake anapenda bata. Nikasema mpe bata wawili.

Haralambie kasikia. Kaja mlangoni mwenyewe, na pipa la ţuică kwenye mkokoteni! Kasema yeye pia ni mwana wa kijiji, na pipa ni zawadi kwa timu. Nilikaribia kulia. Mtu hubadilika.

Veturia alikuwa anakata kabichi. Kauliza bila kuinua kichwa: kwa desturi yetu mwenyeji hunywa na mgeni glasi kwa glasi, sivyo? Nikasema ndivyo. Akauliza tena: na glasi ikishamiminwa siku ya sikukuu hairudi kwenye chupa, sivyo? Nikasema ndivyo, ni mkosi. Akasema, "Haya, mume wangu," akaendelea kukata kabichi.

Wanawake hawaelewi mbinu za mpira.

Jumamosi, Juni 7

Jana mazoezi. Walikuja saba. Pompiliu akateguka kifundo akifunga kamba za viatu. Sikujali. Kesho hatuhitaji miguu, tunahitaji sahani.

Chokaa imepatikana. Ni ile ya kaburi la mama yake padre. Nimemwahidi nitarudisha. Mistari nimeipiga pale pale pa zamani. Mpango mmoja ukitosha, wa pili ni uchoyo.

Wanawake wamepamba milango yote kwa matawi mabichi, na nguzo za goli pia. Pamependeza. Nilikaa benchi la akiba peke yangu, nikautazama uwanja hadi jua likazama. Nampenda Veturia. Lakini huu uwanja, ah.

Jumapili, Juni 8

Mwandiko huu umepinda. Si pombe. Ni hasira. Basi, na pombe kidogo.

Saa sita kamili basi lao likasimama mbele ya kanisa. Wakashuka na wake zao. Mashati meupe! Tai! Watoto wamechanwa nywele kwa maji! Mbele yao Toader, amekonda, anang'aa, macho safi kama ya ndama. Kanikumbatia. Kaniambia tangu Januari Fântâna Rece wameokoka. Timu nzima! Alikuja mhubiri, mzaliwa wa kwao aliyerudi kutoka Uhispania, na wakabatizwa wote mtoni, kipa akitangulia, kwenye barafu. Pombe hawagusi tena. Sigara hawagusi. Kasema wanalala mapema, na wanakimbia kila asubuhi, wakiimba.

Kwa hiyo ndiyo maana ya maji ya kisima.

Nikajaribu kuwazuia watu wangu. Wapi! Kila nyumba mezani glasi zimeshajaa, mbili mbili, ya mgeni na ya mwenyeji. Mgeni kaweka mkono kifuani: ahsante, ndugu, maji tu. Sasa glasi yake irudi kwenye chupa? Siku ya sikukuu ya kanisa? Mkosi! Nani auondoe mkosi? Mwenyeji. Kwa hiyo mwenyeji kanywa yake, kanywa na ya mgeni. Na kwa kuwa meza haikai na glasi tupu mbele ya mgeni, mama mwenye nyumba akajaza tena.

Nyumba kwa nyumba, mchezaji kwa mchezaji! Nilipofika kwa Sandu alikuwa anamwita mgeni wake "mama". Pompiliu alikuwa anamwonyesha winga wao kifundo chake, na winga alikuwa anakiombea.

Na chakula je? Walikula vizuri, wakashukuru, wakaomba njia ya kwenda kunyoosha miguu.

Saa kumi na moja tulisimama uwanjani watu tisa, tukihesabu na wale waliokaa. Refa, ambaye naye alikaribishwa na meya, alipuliza filimbi ya mwisho mapema mno. Ikabidi aelezwe kwamba hatujaanza. Bao la kwanza Sandu aliliona. La pili aliliona mara mbili, akaruka kwenye lile lisilokuwepo. La tatu alikuwa amekumbatia nguzo yenye matawi, akiiomba radhi. Pompiliu peke yake alicheza vizuri: kifundo kimepona! Alikimbia vizuri, kuelekea goli letu, akafunga kwa kichwa.

Kumi na moja kwa sifuri. Baada ya bao la nane Toader aliwaambia vijana wake wapunguze, kwa ajili ya upendo. Hilo ndilo lililoniuma zaidi.

Haralambie alikaa kwenye mstari, kifua mbele, hajagusa hata tone. Kumbe Toader ananunua jibini kwake kila mwezi! Alijua tangu Januari! Kanipigia makofi, kasema, "Mchimba kisima huingia mwenyewe, Bwana Mwenyekiti. Ila wewe umeingia na kijiji kizima."

Mgeni kaja. Mwenyeji kalazwa.

Jumatatu, Juni 9

Kijiji kizima kinashika vichwa. Hakuna jogoo aliyethubutu kuwika.

Saa nne nikasikia kengele. Kondoo wa Haralambie, wote, wakaingia uwanjani. Meya alikuwa amesimama barabarani, hakuniangalia. Walianza na nyasi za golini, zile ninazozimwagilia.

Nikaenda nikakaa kwenye duara la kati. Nililia, nakiri, nililia kama mtoto, na kondoo mmoja akaja akala kamba ya filimbi yangu. Nilimfikiria baba na makapu yake ya mawe. Nikasema moyoni: Ilarie, hila zako ndizo zilizotufikisha hapa. Kuanzia leo hila basi. Utakuwa mtu mnyoofu.

Veturia kaja na sahani ya kabichi zilizobaki. Kakaa nami kwenye nyasi, katupa jiwe moja kwa kondoo wa kwanza, kakosa, katupa la pili.

Alhamisi, Juni 12

Simu kutoka chama cha mpira cha mkoa! Nilidhani ni faini, nikajibu kwa sauti ya mtu mwingine. Yule bwana kaniuliza kama tupo tayari kubaki daraja la nne. Timu mbili zimejitoa. Moja wachezaji wake wote wamekwenda Ujerumani kuchuma stroberi. Nyingine meya wao amepanda alizeti uwanjani. Hakuna wa kushuka, kwa sababu hakuna wa kutosha kubaki!

Nikakimbia hadi kwa meya bila kofia. Kasema sawa, ahadi ni ahadi, kama tumebaki tumebaki. Kamtuma mtu amwambie Haralambie atoe kondoo. Nilisimama mwenyewe kwenye lango, nikawahesabu wakitoka, nikawaaga kila mmoja. Haralambie kapita mwisho, kasema tutaonana mwakani. Nikamwambia nyasi hajawahi mtu kuzikata vizuri hivyo, ahsante, na mbolea pia.

Nimekaa jioni hii nikiutafakari ule mpango wa Jumapili. Kwa haki kabisa, ulikuwa mpango mzuri. Ulikuwa na kasoro moja tu: wageni hawakunywa.

Sasa, ligi itaanza Agosti, wiki ile ile ya sikukuu ya Mtakatifu Maria, na sisi ni wenyeji. Tunacheza na timu ya bonde la juu. Nimewaulizia. Ni walevi wa kuaminika, wote, pamoja na padre wao. Nimeshawapigia: waje saa sita. Kila mchezaji wetu atampokea mmoja nyumbani kwake, ampe heshima zote, glasi kwa glasi.

Limebaki suala la mistari. Chokaa ya padre imekwisha, na mama yake bado hajapakwa.

Veturia leo kanunua gunia jipya la unga. Jeupe, laini. Nimelitazama tu.