Bata Jikoni kwa Mama

Jumatatu, 3 Machi
Mwaka wa arobaini na moja tangu nitoke nyumbani. Hesabu hiyo ninayo kichwani. Miwani, hata hivyo, ilikuwa kwenye friji. Binti yangu ndiye aliyeikuta, akaifuta, akaniwekea mezani. Ni heri angefoka. Baadaye akatoa hukumu: Ijumaa napimwa kumbukumbu kliniki. Nikifaulu, ananirudishia pasipoti, niende peke yangu kuiona nyumba ya marehemu mama. Nikishindwa, inabaki kwenye mkoba wake.

Jumanne, 4 Machi
Jirani wa chini, fundi saa mstaafu, alipimwa mwezi uliopita, akapata alama zote. Jengo zima limeshatangaziwa. Nikajishusha, nikambishia hodi. Kumbe daktari hutaja maneno matano, hupiga soga kidogo, kisha huyauliza. Akanipa yote: pazia, shoka, limau, kengele, bata. Sharti lake: nimwache anishinde drafti mbele ya mkewe. Aibu!

Jumatano, 5 Machi
Nimesoma kitabu cha maktaba. Ndani kabisa ya ubongo mna kijisehemu, hipokampasi, kimejikunja kama farasi wa baharini. Peke yake hakifui dafu. Nguvu yake ni nyuzi: zinakijia kutoka sehemu za kuona, za kusikia, za kunusa, nacho huzifunga fundo moja. Vuta uzi mmoja, nyingine zinafuata.

Basi! Nyuzi zangu za leo zimelegea, za zamani ni kamba za meli. Kwa mawazo, nimeyapeleka maneno nyumbani kwa mama. Pazia mlangoni. Shoka stoo. Limau kwenye rafu, kando ya sufuria yenye tundu. Kengele uani. Bata jikoni, mama anamfukuza kwa mwiko. Nilikaa huko mpaka chai ikapoa.

Ijumaa, 7 Machi
Daktari, msichana wa rika la wajukuu zangu, alifungua faili, akasema kuna maneno matano. Nikayamwaga yote kwa mkupuo.

“Mzee,” akasema, “bado sijayataja.”

Binti yangu akaangalia dari. Daktari akafunua ukurasa mwingine: kijiko, daraja, paka, sabuni, kofia. Na nyumba imeshajaa! Nikabananisha. Paka rafuni. Kofia nikamvisha bata. Alipoyauliza, nikayatoa yote matano. Ila aliponiuliza tuko ghorofa ya ngapi, nilijibu kwamba ghorofa hakuna, ni vidato vitatu tu vya mlango wa mama. Akaandika. Aliandika muda mrefu.

Nimefaulu, kwa alama moja. Akamweleza binti yangu kwamba mambo ya zamani ninayo imara, ya leo ndiyo yaangaliwe. Tena kila tunapokumbuka jambo, fundo hufungwa upya, na kipya huweza kuingia humo. Sikumsikiliza sana. Nilikuwa naiangalia pasipoti, sasa mkononi mwangu.

Jumamosi, 8 Machi
Binti yangu alimpigia binamu yangu anayeishi sasa katika nyumba ya mama. Kwa furaha tele, binamu akatuma picha. Ukuta wa jiko wameubomoa. Vigae vyeupe kila mahali. Rafu hakuna.

Nikajaribu kumtafuta mama kichwani. Kwa dakika nzima bata alitembea juu ya vigae, na hapakuwa na mtu wa kumfukuza.

Nikafumba macho, nikaujenga ukuta upya, tofali kwa tofali. Mama akatokea, mwiko mkononi.

Jumapili, 9 Machi
Nimemrudishia binti yangu pasipoti.

“Baba, si ndiyo uliyoililia wiki nzima?”

Nikasingizia magoti. Hakuamini, lakini alivuta kiti, akataka kujua jiko la bibi yake lilikuwaje. Nikamtembeza lote. Bata sikumtaja.

Kipimo kingine ni Septemba. Fundi saa anatangulia Agosti, ameahidi kuniletea maneno mapya, nami nimeahidi kushindwa drafti mara mbili. Stoo nimeshaanza kuipanga ili yapate nafasi. Miwani sijaiona tangu asubuhi. Kwenye friji nimeshaangalia.

Nyumba ile naihitaji kama ilivyokuwa. Sitarudi.