Ombi la Kurudishiwa Ukungu Wangu

Gozbert Rwegoshora,
Karani Mstaafu,
Chanika, Dar es Salaam.

Kwa Mhandisi Benson,
Karakana ya Lenzi Nuru Njema,
Mtoni, Temeke.

Ndugu Mhandisi,

Natumaini u mzima na mashine zako zinasaga vioo bila kukwama. Mie ni yule mzee uliyempima macho mwezi uliopita, ukamweleza kwamba kazi ya lenzi ni kupinda mwanga ili uangukie panapostahili ndani ya jicho. Niliitikia kwa adabu. Ningejua utaniangukia hivi, ningekimbia na kiti chako.

Malalamiko yangu ni haya:

1. Ukuta. Sebule yangu niliisimamia mwenyewe ikijengwa, na wageni wote nimewaonyesha ukuta wake ulivyonyooka. Nilipovaa miwani yako, ukuta ukapinda. Nikamwita fundi Jamali ajieleze. Akasema, "Mzee, mbona uko hivihivi tangu mwanzo? Si ulisema mwenyewe uko freshi?" Mie namwamini Jamali. Aliyekiri kwa mdomo wake kwamba anapinda vitu ni wewe.

2. Kwaya. Naimba besi kanisani. Miaka yote mwalimu wetu, Hope, alikuwa akinitazama nikiimba, nami nikajua ananitabasamia. Jumapili ya kwanza na miwani nikaona kumbe anauma meno. Tangu hapo sauti haitoki. Waumini wanasema ibada imekuwa na utulivu na wanaulizia jina lako wakuombee. Usiwape.

3. Hili ndilo linaloniuma. Tangu mama yangu afariki kule Muleba, mtaa mzima wananiamkia mie, na mie sina wa kumwamkia. Kisha jirani Venance, ambaye bado anajenga na haishi pale, akaleta mama mmoja mnene kulinda kiwanja. Alikaa kando ya uzio wa michongoma, gauni jeusi, kilemba cha kitenge. Kila asubuhi nilisimama karibu na dirisha letu la jikoni nikamwambia, "Shikamoo mama," naye akaniitikia taratibu, "Marahaba mwanangu, kazi njema." Nilikuwa namwachia ndizi pale kwenye uzio, naye anazichukua. Siku yangu ilikuwa inaanza vizuri.

Miwani yako inasema yule ni tangi la maji. Mfuniko ulipotea, mafundi wakalifunga kitenge vumbi lisiingie. Hata hivyo nilimwamkia, nikiwa na miwani usoni. Hakuitikia. Nilirudi ndani nikashindwa kunywa chai. Ndugu Mhandisi, umenifanya yatima mara ya pili, na safari hii nimelipia mwenyewe na risiti ninayo.

Kwa hiyo naomba unisagie lenzi zenye ukungu wa heshima: chini zionyeshe maandishi, juu zifiche kuta, walimu wa kwaya na matangi. Naomba pia mwanga uachwe unyooke kama ulivyoumbwa. Na darubini, kamera, pamoja na vile vyombo vya wapima ardhi vyenye miguu mitatu, vifungwe vitambaa hadi wananchi tuulizwe. Mpima akija Chanika na lenzi yake, sijui ni nani kati yetu atakayebaki na uzio mahali alipouweka.

Wasalimie mafundi wote, na Gladness wa mapokezi. Yule aliyenisomesha herufi za ukutani mwambie mstari wa mwisho nilikisia.

Wako anayeona kila kitu na hakipendi,
Gozbert Rwegoshora

Tanbihi: Kabla ya kufunga bahasha nilimsomea mke wangu, Auleria. Nilipofika namba tatu akaweka mwiko chini. "Baba Praygod, ni mie nilikuwa naitikia, hapo dirishani. Siku ya kwanza tangi halikujibu, ukarudi ndani mnyonge, roho ikaniuma. Ulipovaa miwani nikajua sasa unaona, ningeitikia nini?" Na zile ndizi, kumbe ndizo tulizokuwa tukila mchana.

Leo asubuhi nilivua miwani, nikasimama palepale, nikaliamkia tangi. Nikaitikiwa. Nikaivaa haraka na kugeuka: Auleria yuko dirishani, kanga mdomoni, anacheka huku machozi yanamtoka, na mvi zake nikaziona zote. Sikuwahi kuziona. Anapendeza.

Miwani sirudishi. Nitumie tu kifuko cha kuiwekea kila asubuhi, wakati wa kusalimia.