Jinsi Corbin Park Ilivyofundishwa Kupenda Tekno

Mheshimiwa Meya, ambaye hakuweza kufika; Mheshimiwa Naibu Meya anayemwakilisha Meya, ambaye naye ametoa udhuru; Katibu wa Naibu Meya, namwona pale mezani anamalizia mkate wake wa soseji, usihangaike ndugu, maliza tu; waheshimiwa madiwani wa kata zote saba, na yule diwani wa kata ya nane ambayo bado tunaitafuta kwenye ramani; waheshimiwa wachungaji, mashemasi na mama walezi wa kwaya; wazee wetu wastaafu wa viwanda vya magari, mlioijenga Detroit kwa mikono yenu kisha mkaja kwetu Corbin Park, huku pembeni, mpumzike; vijana wetu wa muziki mliosimama kule mlangoni na makoti mwilini kama watu wasio na nia ya kukaa; mabibi na mabwana, itifaki imezingatiwa, na pale ambapo haikuzingatiwa ihesabiwe kuwa imezingatiwa. (Makofi machache. Mtu anakohoa.)

Mimi ni Theodis K. Broadnax, Kamishna wa Maridhiano ya Masikio, cheo ambacho hakikuwepo kabla yangu na ambacho, nasema kwa unyenyekevu mkubwa, sioni nani atakiweza baada yangu. Nimesimama hapa alasiri hii kufunga rasmi awamu ya kwanza ya Programu Shirikishi ya Kujenga Mapenzi Endelevu ya Muziki wa Kielektroniki kwa Njia ya Usikilizaji Rudufu, ambayo ninyi, kwa uvivu wa ndimi, mmekuwa mkiiita kile chumba cha chini. (Vicheko.)

Mnakumbuka hali ilivyokuwa. Tekno, huu muziki wa mashine na mdundo usiokatika, ilizaliwa hapa kwetu, kwenye vyumba vya chini vya nyumba zetu wenyewe, ikaenda Ulaya, ikaheshimiwa, ikalala hoteli nzuri, lakini kila ikirudi nyumbani wazee wetu walikuwa wakiipigia simu polisi. (Kutoka mlangoni: “Sema hapo hapo!”) Nasema, kijana, nasema, ndiyo kazi yangu. Ofisi yangu ikafanya upembuzi yakinifu, ikagundua kwamba tatizo halikuwa muziki wala halikuwa wazee, bali tatizo lilikuwa mara ya kwanza. Hakuna mtu anayependa tekno mara ya kwanza. Mara ya kwanza unasikia mtu anapigilia msumari. Mara ya kumi bado ni msumari, ila umeshaanza kumwonea huruma. Huko mbele kabisa, kwa mujibu wa wataalamu ambao nilikuwa mmoja wao, mguu unaanza kutikisika wenyewe kabla mwenyewe hajapewa taarifa.

Mfano hai wa programu hii yuko nasi, safu ya mbele, mwenye kofia ya zambarau, Mama Earlene Pettway. Simama, Mama, wadau wakuone. (Mama Pettway hasimami.) Ameketi kwa heshima. Ndugu zangu, mama huyu ana mjukuu mmoja tu, amemlea mwenyewe toka anatambaa, naye ni Kendrell, yule pale mlangoni, mpigaji tekno anayejulikana mpaka Berlin. Siku ya Shukrani, ile karamu ya familia ya Novemba mwaka jana, bata mzinga akiwa mezani na wageni wameshika uma, Kendrell aliwasha kazi yake mpya ili bibi yake awe wa kwanza kuisikia, na Mama huyu akainuka akachomoa waya ukutani, akasema hajamlea mtoto aje kumletea kelele za kiwandani nyumbani. Kendrell alikusanya vyombo vyake, na tangu siku ile kiti chake cha chakula cha Jumapili kiko wazi. (Minong’ono.)

(Mama Pettway: “Wewe Theodis, mambo ya nyumbani kwangu umeyatoa wapi?”)

Yamo kwenye ripoti, Mama, ukurasa wa takwimu za majonzi. Wiki hiyo hiyo Mama Pettway alikuja ofisini kwangu, akavua glavu, akasema, nanukuu, “Theodis, nifundishe kuipenda ile takataka, la sivyo mtoto wangu harudi.” Mwisho wa kunukuu. Ndugu zangu, kiongozi mwingine angempa pole. Mimi nilimpa kiti.

Kabla theluji haijashika vizuri, tulikuwa tumekwisha kufungua Chumba cha Usikilizaji hapa chini ya ukumbi huu, nikakata utepe kwa mkono huu, na nyuma ya lile pazia jekundu ikaanza ile sauti mnayoijua wote, dum, dum, dum, ikawa haikatiki. Wazee wakajiandikisha wengi kupita viti. Na hapa lazima nimpongeze Mzee Odell Grigsby, aliyekuwa mwakilishi wa chama cha wafanyakazi kule kiwandani, kwa kuwa ndiye aliyekataa katakata wazee kusikiliza ovyo ovyo, akawapanga kwa zamu ya asubuhi na zamu ya mchana, kila zamu na filimbi yake na mapumziko yake ya kahawa, na yeyote aliyesikiliza kupita muda wake alipewa onyo kwa kuharibu soko la wenzake.

(Mzee Grigsby, kwa kuridhika: “Kazi ni kazi.”)

Tena palipotokea mtu mmoja wa zamu ya mchana anayetaka kuchungulia nyuma ya pazia aone hizo spika ni za aina gani, Mzee Grigsby alimzuia palepale. Alimwambia hivi: “Umeme ni kazi ya fundi umeme. Wewe maisha yako yote ulikuwa upande wa milango ya magari. Ukigusa hilo pazia umekula riziki ya mwenzio.” Basi hakuna aliyeligusa. Nidhamu ya namna hiyo, ndugu zangu, huipati mahali pengine popote duniani. (Makofi ya nguvu kutoka kwa wastaafu.)

Sasa takwimu. Asilimia mia na nne ya waliojiandikisha wamehitimu, wakiwemo waliokuja kuuliza choo. Asilimia tisini wameeleza kwamba wakiusikiliza muziki ule wanahisi joto, na wengi wamevua hata sweta, jambo ambalo waimbaji wetu wa zamani, pamoja na umaarufu wao wote, hawakuwahi kulifanikisha mwezi wa Januari. Tathmini imeonyesha pia kwamba siku za baridi kali muziki uliongeza kasi wenyewe, na siku jua lilipotoka ulipumzika, maana yake msanii wetu, ambaye jina lake tutalitangaza mchakato ukikamilika, ni mtu anayeishi na wananchi. Maumivu ya magoti yamepungua. Karata zimepungua. Simu za malalamiko polisi zimepungua kwa nusu, na nusu iliyobaki ni mtu mmoja ambaye tumeshamtambua na tunamwombea. (Wote wanageuka kumtazama bwana mmoja safu ya nne. Anatazama dari.)

Na Mama Pettway? Hakukosa zamu. Alikuja na mto wa kukalia na chupa ya chai, mwanzoni akiwa ameziba masikio kwa pamba, baadaye pamba sikio moja, baadaye hakuna pamba. Mwezi Machi alionekana akitikisa kisigino. Aliulizwa, akasema ni msuli. Wiki iliyopita ameandika kwa mkono wake kwenye fomu ya maoni: “Naupenda. Mwambieni mjukuu wangu.” Nasi tumemwambia, na ndiyo maana leo yuko pale. (Ukumbi unageuka kuelekea mlangoni. Kendrell anatazama viatu vyake.)

Nikielekea mwisho, nisiwe mchoyo wa shukrani. Nazisoma kama nilivyoandikiwa na ofisi. Naishukuru Kamati ya Manunuzi, ambayo tangu Novemba imekuwa ikilishughulikia ombi letu la spika kwa umakini wa hali ya juu kabisa, na hivi sasa imefikia hatua ya kukubaliana tafsiri ya neno spika. Namshukuru msanii, pindi atakapoteuliwa. Na kwa namna ya pekee namshukuru fundi Wojcik, ambaye asubuhi hii amefanikiwa kutengeneza feni ya mtambo wa kupasha joto jengo letu, iliyokuwa imelegea bolti na kugonga kwa kelele kubwa nyuma ya pazia jekundu kipindi chote cha baridi. Fundi, simama. (Fundi Wojcik anasimama, anainua bisibisi.)

(Mzee Grigsby: “Feni?”)

Feni, Mzee wangu.

(Mzee Grigsby: “Mheshimiwa, tumekaa zamu mbili, majira yote ya baridi, tunasikiliza feni?”)

Mlikuwa mnasikiliza kwa kurudia, Mzee, na programu haikuahidi zaidi ya hapo. Naomba utulivu. (Hakuna utulivu. Viti vinaburuzwa. Mwanamke mmoja wa zamu ya mchana analia kwamba alikwisha kumwahidi mumewe kucheza ule muziki siku ya ndoa ya binti yao.) Naomba utulivu, waheshimiwa, kamera zinatuona.

(Mama Pettway sasa amesimama. Anasema polepole, hana habari na jukwaa: “Kwa hiyo sikujifunza kitu. Nimemwita mtoto wa watu aje anione mjinga.”)

(Kendrell anatoka mlangoni, anapita katikati ya viti. “Bibi. Ulikaa huko chini kwa ajili yangu?”

“Nilikaa. Zamu ya asubuhi.”

“Ukapenda?”

“Usinicheke, Kendrell.”

“Sicheki. Ulipenda nini?”

“Ilikuwa inagonga, inagonga, mtu unachoka. Halafu kwa mbali kulikuwa na kasauti kadogo kanakwaruza, upande wa kushoto, kanakuja kanapotea. Nikawa nakangoja. Kakichelewa moyo unanienda mbio. Kakija nafurahi kama mtoto. Kumbe ni bolti.”)

Mheshimiwa Mama Pettway, ningeomba maoni yapitie kwa mwenyekiti. (Hakuna anayemsikiliza. Kendrell anatoa kofia ya zambarau kichwani mwa bibi yake, anamwekea vifaa vyake vya masikioni, anabonyeza simu. Mama Pettway anafumba macho. Ukumbi mzima unamwangalia mguu. Muda unapita. Kisigino kinaanza.)

(Mama Pettway, kwa sauti kubwa ya mtu aliyezibwa masikio: “Hapa nako kapo! Kako kulia!”

Kendrell anafuta uso kwa mkono wa koti. “Hako ndiko nilikotaka ukasikie Siku ya Shukrani.”

“Ungesema!”

“Ulichomoa waya, Bibi.”

“Nilichomoa,” anasema Mama Pettway. “Nimekosa. Jumapili napika kuku. Njoo na hicho kimashine chako, na mtu akigusa waya nitamkata mkono.”)

(Makofi. Wastaafu wamesimama. Mzee Grigsby ananyoosha mkono kwa hoja ya dharura: anataka feni irudishwe ilivyokuwa. Anauliza kuiharibu upya ni kazi ya nani kisheria. Fundi Wojcik anasema ni yake, na bolti mbovu bado iko mfukoni. Hoja inapita bila kupingwa, isipokuwa na bwana wa safu ya nne. Fundi anashuka chini na bisibisi yake.)

Nashukuru. Nashukuru kwa makofi hayo, ambayo nayapokea kwa niaba yangu mwenyewe. Waheshimiwa, mmejionea kwa macho yenu. Hatukununua spika hata moja. Hatukuteua msanii. Chumba chenyewe, nimeambiwa sasa hivi na Katibu, kwenye kumbukumbu za mji ni stoo ya majembe ya theluji. Hakukuwa na programu, na bibi na mjukuu wamepatana. Ni ofisi gani duniani yenye gharama ndogo kuliko hiyo na matunda makubwa kuliko hayo? Kwa hiyo natamka rasmi, mbele yenu na mbele ya soseji ya Katibu, kwamba kwa kuwa mradi huu umefaulu kikamilifu bila kuwepo, kuanzia mwaka ujao hautakuwepo katika kata zote saba za Corbin Park, na ile ya nane ikipatikana, hautakuwepo huko pia.

Masikio oyee! (“Oyee!”) Feni oyee! (“Oyee!”) Kamishna oyee! (Dum, dum, dum, kutoka chini ya sakafu. Watu wanakimbilia ngazi, zamu zote mbili kwa pamoja.)

Ahsanteni sana kwa kunisikiliza. (Hakuna mtu.) Nitarudia.